Shemeji amefuta nusu za dawa za watu, nami naambiwa ninyamaze

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza nisamehe mwandiko, naandika kwa haraka, mimi ni mzima, wagonjwa ni watu wengine na ndiyo maana nakuandikia. Ningeweza kuchapa barua hii ikapendeza, lakini kompyuta ninayotumia ni ya shemeji yangu na anaweza kusoma kila kinachoandikwa humo, kwa hiyo nimekaa jikoni na kalamu ya mtoto, na kila nikisikia hatua ngazini naiweka karatasi chini ya sahani.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi ni ya kaka yake mume wangu, ndiye huyo shemeji ninayemsema, na mume wangu naye yumo humo humo, yeye ndiye anayezunguka kwenye kliniki kufunga kompyuta na printa na kuwaelekeza wahudumu, na nyumba tunayokaa ni ya shemeji pia, yeye juu sisi chini, yaani nikimkwepa asubuhi ngazini namkuta ofisini, na nikimkwepa ofisini jioni nasikia viatu vyake juu ya dari ya jikoni kwangu. Nakueleza haya yote ili usije ukaniambia kirahisi acha kazi, hama, kwa sababu mimi nikimwaga unga nimemwaga na paa, na pengine na ndoa.

Kazi iliyoleta balaa ni hii. Kuna kliniki kadhaa zilizokuwa na programu ya zamani ya kutunza orodha ya wagonjwa na dawa zao, zikataka kuhamia kwenye mfumo wetu mpya, ambao mtoa dawa akibonyeza jina la mgonjwa printa inatoa lebo ya kubandika kwenye pakiti, dawa gani, vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Kuyahamisha maandishi kutoka kule kuja huku ilikuwa kazi yangu. Watu wanadhani ni kunakili na kubandika, shemeji naye anadhani hivyo hivyo ingawa kwenye kadi yake ameandika mtaalamu. Mshauri, kompyuta haijui herufi, inajua namba, na programu za zamani kila moja ilikuwa na jedwali lake la kusema namba hii ni herufi hii. Herufi za kawaida, a mpaka z, pamoja na tarakimu, zinalingana karibu kwenye majedwali yote, kwa hiyo ukilisoma faili kwa jedwali lisilo lake sehemu kubwa unaiona iko sawa na unafurahi, kumbe zile alama za pembeni, alama ya nusu, ya robo, ya nyuzi joto, zimeshageuka vituko, penye nusu unakuta kijumba cha mraba, au kona ya mstari, au herufi imevaa kofia. Namna ya kuponya ni kujua kwanza faili liliandikwa kwa jedwali lipi, ndipo ulihamishe. Na mafaili haya yalikuwa mchanganyiko, unakuta kliniki moja makarani wawili waliandika kwa mashine mbili tofauti ndani ya orodha ile ile, ikabidi niende mstari kwa mstari, polepole ndiyo, lakini nilikuwa naenda, na nilikopita nusu zilikuwa zinarudi kuwa nusu.

Mtoto wangu akalazwa na homa nikaomba ruhusa nikakaa naye. Shemeji hakuweza kungoja, alikuwa ameshaahidi tarehe ya kukabidhi, na kuna hospitali kubwa ilikuwa inatuangalia kama kazi hii tutaiweza ili isaini mkataba na sisi. Akafungua kazi yangu, akaona vile vijumba na zile kofia, vikamchukiza, akaifuta kazi yangu yote akaanza upya kwa amri ya mstari mmoja tu, kwamba kila kisicho herufi ya kawaida wala tarakimu kifutwe. Kikafutwa. Yeye anaita kusafisha. Niliporudi nilikuta keki ya sherehe imeliwa limebaki boksi, mfumo umekabidhiwa, skrini inang'aa, hakuna kofia hakuna kijumba, nikadhani amefuata njia yangu hadi mwisho na nikampongeza, mshauri, nilimpongeza kwa mdomo wangu huu mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Sasa sikia kilichofutwa. Kwenye ile programu ya zamani nusu kidonge haikuandikwa kwa maneno, iliandikwa kwa alama ile ndogo yenye moja juu na mbili chini. Ukiifuta, mgonjwa wa kidonge kimoja na nusu anabaki na kimoja. Na yule wa nusu peke yake inabaki nafasi tupu, na mfumo wetu hauruhusu nafasi ya idadi ya vidonge iwe tupu, ukikuta tupu unaweka moja wenyewe, hiyo niliiweka mimi wakati wa majaribio ili printa isikwame, na ikabaki. Kwa hiyo kila mtu aliyekuwa anameza nusu, lebo yake sasa inamwambia ameze kizima.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe. Anakaa juu kwa shemeji lakini Jumapili anashuka kwangu, ni mtu wa maneno mengi na mimi ananipenda, tangu niolewe hajawahi kuniita mkwe, ananiita mwanangu. Miaka ya nyuma alipata donge la damu mguuni, na tangu hapo anameza dawa ya kuzuia damu isigande, nusu kidonge kila jioni, anakikata mwenyewe kwa kisu cha matunda juu ya kibao huku akikilaani kwa kuruka. Jumapili hiyo tulikuwa tunachambua mchele, akakunja mikono ya gauni, nikaona mabaka ya bluu kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani.

"Mama, umeanguka?"

"Nianguke wapi. Ni uzee, ngozi imekuwa karatasi. Hata nikipiga mswaki natoka damu."

"Na ile dawa unaimeza vipi?"

Akafurahi, mshauri, uso mzima ukafunguka. "Hiyo nimepumzika kuikata. Siku hizi wanasema nimeze kizima. Yule binti wa dirishani, anayetoa dawa, alitaka kunibishia, nikamwambia hebu soma lebo, hiyo imetoka kwenye kompyuta ya mwanangu."

Nikaomba nione pakiti. Kidonge kimoja, wino mzuri, herufi zimenyooka. Nilijua hapo hapo ni nini kimetokea, kama unavyojua umesahau jiko linawaka. Nikamwambia daktari amebadilisha tena, arudi kwenye nusu, nikamdanganya mtu mzima mchana kweupe, na jioni nikapanda nikamkatia mwenyewe.

Kesho yake niliwahi ofisini, nikachukua mafaili ya asili ambayo bado ninayo nikayalinganisha na yaliyomo kwenye mfumo. Nusu zote zimekwenda. Za presha, za moyo, za watoto wenye kifafa. Nikaingia kwa shemeji, nikafunga mlango, nikasimama kati ya maboksi ya printa.

"Shemeji, ile amri yako imefuta nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya vidonge vya watu. Mama yako anameza mara mbili ya dozi yake, anatoka damu kwenye fizi."

Aliweka simu yake chini, nikadhani ameshtuka, nikaanza hata kumwonea huruma.

"Umeshamrudisha kwenye nusu?" akauliza.

"Nimemrudisha."

"Basi."

"Basi vipi? Na wengine?"

"Wengine tutawarekebisha kwenye toleo lijalo la programu, kimyakimya, hospitali ikishasaini. Ukipiga kelele leo nani atasaini? Na kumbuka, shemeji, ile moja si mimi niliyeiweka."

Nilitoka humo bila kufunga mlango. Lakini kilichonimaliza kabisa nilikikuta baadaye kwenye barua pepe za ofisi. Yule binti wa dirishani, mtoa dawa, alishatuandikia kabla hata mimi sijaona mabaka ya mama, akiuliza kwa upole kwa nini wagonjwa wake wa nusu kidonge hawaonekani tena kwenye mfumo. Na shemeji alimjibu siku ile ile, "Data imehakikiwa. Asante kwa maoni yako." Hakufungua faili. Hakuniuliza. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa akaendelea na chai yake.

Nilimwambia mume wangu nikitegemea atasimama na mimi. Akaketi kitandani akashika kichwa. "Kaka ndiye aliyenisomesha," akasema. "Nikimgeuka leo nitamtazama kwa macho gani?" Jioni tukaitwa juu, sebuleni kwa shemeji, akaongeza sauti ya televisheni ili mama chumbani asisikie, na hapo wakanikalisha kwenye kochi mimi peke yangu na wao wawili wakanikabili, ndugu kwa ndugu, wakanieleza kwamba hospitali inasaini hivi karibuni, kwamba nikisema ofisi inafungwa na watu wote wanakosa kazi, kwamba mama akisikia mwanawe ndiye aliyemmezesha dozi mbili atashtuka na presha itapanda. Mume wangu akamalizia, "Wewe vumilia tu kidogo, si unajua tutarekebisha." Nikasema basi nipeni niurekebishe usiku huu huu. Shemeji akatabasamu. Alishabadilisha nywila. Mfumo unaoendesha kliniki siwezi tena kuuingia, mimi niliyeuandika.

Mshauri, tangu hapo sijatulia. Nikikutana na mtu mwenye plasta mkononi namtazama mpaka ananitazama. Mume wangu ananiambia nimekuwa mkali, mtoto nikimwita anakuja mbio kwa woga, na shemeji ananisalimia ngazini kama kawaida, "Shemeji, za asubuhi," na mimi naitikia nzuri, naitikia nzuri, na nikiingia ndani najichukia. Nikisema, nimeivunja familia na kumwaibisha mama anayeniita mwanangu. Nikinyamaza, najua ninachokijua. Hakuna njia ya katikati? Niwaandikie kliniki barua isiyo na jina? Au nisubiri tu wasaini, maana wanasema ni karibu? Naomba unijibu, nimechoka kuwa na hasira peke yangu.

Mimi,
Mke wa Mdogo Mtu


MSHAURI ANAJIBU

Mke wa mdogo mtu,

Barua yako ilifika jana mchana na leo iko gazetini. Waliotangulia kuniandikia kuhusu waume wao na majirani zao nimewasogeza, watanikasirikia na watapoa.

Hasira yako si ya kuomba radhi. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa chini, huyo bwana wa juu angejuta kujenga dari nyembamba. Mwanamume anaambiwa mama yake mzazi anatoka damu kwenye fizi kwa ajili ya kazi yake, naye anajibu basi. Mtu wa namna hiyo hupaswi kuketi naye kochini kupanga toleo lijalo. Nakupa pole, na pole hiyo naitoa moyoni, kwa sababu umezungushiwa kazi, nyumba na ndoa pande zote halafu ukaambiwa uvumilie kidogo.

Pole yangu inaishia hapo. Sasa nisikilize.

Umemkasirikia shemeji kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, na mwishoni unaniuliza kama umsubiri asaini. Umsubiri, huku watu wanameza? Unaposoma mstari huu kuna mtoto wa mtu ameinuliwa kidevu apewe kidonge kizima, na mama yake anasoma lebo yenu kwa makini asije akakosea. Wewe unajua. Ulilijua hilo ukipika, ukienda ofisini, ukiitikia nzuri ngazini. Mgonjwa mmoja uliyemwona kwa macho ulipanda ukamkatia kidonge jioni ile ile, na nakusifu. Wale ambao hukuona mabaka yao umewawekea kikao cha familia.

Halafu kuna jambo umelipitisha haraka katikati ya barua ukidhani sitaliona. Ile moja inayojiweka penye nafasi tupu ni yako. Shemeji alifuta nusu, lakini bila moja yako printa ingekwama, mtoa dawa asingekuwa na lebo ya kubandika, na mama mkwe wako angeendelea kugombana na kisu chake. Sikupigi kwa hilo, anayefanya kazi hukosea, na wewe hukujua kwamba mtu atakuja kufuta nyuma yako. Ila shemeji analijua, na hiyo ndiyo kamba aliyokufungia. Ataivuta kila ukifungua mdomo. Basi ukifika kliniki liseme wewe mwenyewe, liwe neno la kwanza, uone atabaki na kitu gani cha kuvuta.

Mumeo anasema kaka amemsomesha. Vizuri, amshukuru maisha yake yote, amshukuru kwa jasho lake na kwa muda wake. Wagonjwa hawakusomeshwa na kaka yake na hawana sababu ya kumshukuru kwa damu zao. Tena yeye ndiye aliyezifunga hizo printa kwa mikono yake, watu wa madirishani anawajua kwa sura, akifika wanamsogezea kiti. Mkalishe, muulize atarudi kule na uso upi siku watakapojua kwamba naye alijua. Akikujibu, mmeanza kuwa wawili. Asipokujibu, nenda bila yeye, ndoa mtaizungumza watu wakiwa wazima.

Na mama mkwe. Ulimwambia daktari amebadilisha. Daktari yupi? Wewe ni fundi wa programu, hujui damu yake imefikia wapi, wala mimi sijui, na mabaka ya namna ile hayapimwi juu ya sinia la mchele. Huenda nusu inamtosha, huenda hata nusu inatakiwa isimamishwe kwanza. Apelekwe leo, si Jumapili, akapimwe damu, na daktari aambiwe wazi alimeza nini na kwa muda gani. Na yeye mwenyewe aambiwe ukweli, shemeji akiwa ameketi mbele yake na televisheni imezimwa. Mnajitia mnamlinda na presha. Huyu mama amepata donge la damu akapona, amewalea wanaume hao wawili, ataliweza na hili. Mnachokiogopa ni jinsi atakavyomtazama mwanawe, na hapo ndipo mwanawe anapostahili kutazamwa.

Sasa hiyo njia yako ya katikati, barua isiyo na jina. Mwanangu, ndiyo hiyo uliyoniandikia mimi. Umenieleza kofia, vijumba, keki, kochi la sebuleni, ila hukunitajia kliniki hata moja, wala mfumo unaitwaje, wala namba ya simu. Unajua nimefanya nini nayo? Nilipomaliza kuisoma nilichukua simu nikaanza kupigia kliniki ninazozijua. Wa kwanza aliniuliza kama mimi ni ndugu wa mgonjwa. Nikamwambia natoka gazetini. "Mama, hapa tuna foleni," akasema, akakata. Wa pili alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza ni kampuni gani, ni mfumo gani, ni wagonjwa gani. Sikuwa na jibu hata moja. Akanishukuru kwa maoni yangu. Ndivyo barua isiyo na jina inavyofanya kazi, nimekujaribia, sasa iache.

Utafanya hivi, na utafanya leo. Kabla ya neno lolote na mtu yeyote wa nyumba hiyo, yatoe mafaili ya asili nje ya ofisi, nakala moja kwako na nyingine kwa mtu usiyelala naye nyumba moja, kwa sababu aliyefuta nusu za watu hatashindwa kufuta na ushahidi. Usijaribu kuzirudisha nusu kutoka kwenye orodha iliyosafishwa. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, mgonjwa wa kimoja na mgonjwa wa kimoja na nusu humo sasa wamefanana, na ukikisia utakosea kwa mara ya pili. Rudi kwenye asili tu.

Kisha anza na yule binti wa dirishani. Yeye alishaona, alishauliza, na alifungwa mdomo na lebo yenu. Hutahitaji kumweleza mara mbili. Mwambie printa izimwe, lebo ziandikwe kwa mkono kutoka kwenye vyeti vya daktari, na wagonjwa wote wenye nusu kwenye faili la asili watafutwe mmoja mmoja, wakianza na wa dawa za damu, za moyo na za kifafa. Wamwite daktari mkuu wao ukiwa hapo hapo. Usiondoke mpaka umeona mtu ameshika simu. Kisha nenda kliniki inayofuata, na inayofuata, mpaka ziishe. Ukimaliza, andika yote kwa jina lako upeleke kwa wanaosimamia dawa, na hospitali kubwa hiyo nayo ipate nakala, maana wanakaribia kumkabidhi shemeji yako wagonjwa wao.

Utamwaga unga? Inawezekana sana, sitakudanganya. Watakuita msaliti, na viatu vya juu vitakanyaga kwa nguvu zaidi kwa muda, mpaka mpate chumba kwingine. Tafuta chumba hicho tangu sasa. Mtu anayeweza kukaa na faili lililochafuka akalipitia mstari kwa mstari bila kuruka, atapata pa kufanya kazi, na utakapopata, mwambie bosi mpya kwamba nafasi tupu ibaki tupu.

Nawageukia wasomaji wengine kidogo, mke wa mdogo mtu anisubiri. Wewe uliyezoea kukata kidonge, na siku hizi pakiti inasema kizima, na hakuna daktari aliyekueleza kwa mdomo wake kwa nini. Au ulikuwa unameza kimoja na nusu na sasa ni kimoja. Usibadilishe mwenyewe na usikae nyumbani kusubiri. Beba pakiti urudi leo ulikopewa, uulize. Wakikuambia data imehakikiwa, waambie unataka kuona daktari aliandika nini. Kama una mzee nyumbani asiyeona maandishi madogo, msomee wewe.

Nimerudi kwako. Swali lako la kusema au kunyamaza halipo tena, mwanangu, nimelisema mimi, na kama shemeji yako anasoma gazeti na chai yake ameshafika mstari huu. Kilichobaki ni kama kliniki zitalisikia kutoka kwako ukiwa na faili mkononi, au kutoka kwa mwanamke wa gazetini asiyejua hata jina la mfumo. Mimi asubuhi hii naendelea na simu nilipoishia jana, kliniki moja baada ya nyingine, foleni au si foleni. Ninachotaka ni nifike kwa mmoja, nianze kujieleza, naye anikatize aniambie, "Mama, tumeshaambiwa. Yuko hapa nasi, tunawapigia wagonjwa."